Wasalimie Ruaha Mbuyuni: jibu kwa msomaji wa Mafinga

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Mafinga, nina miaka 44. Utotoni filamu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Commando, nimeiona kwenye banda la video zaidi ya mara kumi. Juzi nimeipata, nikamwita mwanangu wa miaka 13 tuangalie wote. Nikamtayarisha kwa sehemu moja: steringi anamning'iniza adui kwa mguu mmoja juu ya korongo, anamwambia, 'Ukifika chini, wasalimie Ruaha Mbuyuni.' Sehemu ikafika, hakusema hivyo. Mtoto akacheka, na aliyekuwa akinichekea ni mimi. Je, kuna toleo jingine la filamu hiyo? Na kwa nini kitu nilichokiona kizuri kuliko vyote sasa nakiona cha kawaida tu? Mwisho, wewe mwenyewe siku hizi unaangalia nini, na zipi za zamani bado unazirudia?"

Marahaba, mdogo wangu, na kamwene. Kwanza nikutoe wasiwasi: hukuota. Sentensi hiyo uliisikia kwa masikio yako mawili. Ila Arnold Schwarzenegger hakuisema, na sidhani kama anajua Ruaha Mbuyuni wanauza vitunguu.

Katika filamu yenyewe, ya mwaka 1985, yule anayening'inizwa anaitwa Sully. Mapema kabisa steringi alimwambia kwamba anampenda kwa ucheshi wake, kwa hiyo atamuua wa mwisho. Pale korongoni anamkumbusha ahadi hiyo, kisha anamwambia alidanganya, anamwachia. Ni kijembe kizuri, lakini kinamtaka msikilizaji ajue Kiingereza na akumbuke neno lililosemwa zamani. Sasa fikiria banda lenu. Watoto wamebanana kwenye mabenchi, Kiingereza chao ni cha "gudi moningi ticha", na nusu yao wameingia picha likiwa katikati kwa sababu walikuwa wanatafuta nauli ya mlangoni. Mtafsiri, yule anayeisimulia filamu kwa Kiswahili kwenye maikrofoni, ana sekunde tatu. Akitafsiri neno kwa neno, kimya. Anaona korongo, anaona mtu anakwenda chini, na anajua kila aliyekaa pale ama amepanda basi la kwenda Dar ama amesimuliwa na aliyepanda: ukimaliza kona za Kitonga unatokea kwenye joto la Ruaha Mbuyuni. Basi amempa adui safari ambayo nyie nyote mnaijua. Banda zima likalipuka, na wewe umeibeba sentensi hiyo miaka thelathini.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, toleo jingine lilikuwepo. Lilikuwa bandani kwenu, likaisha siku ile mtafsiri alipozima maikrofoni.

Nayasema haya kwa kuwa nilikuwa upande wa pili wa pazia. Miaka ya 1990 niliendesha banda la video Mwanjelwa, hapa Mbeya, na pembeni yake laibrari ndogo ya kukodisha kanda. Baadaye nikajifunza uhariri, na siku hizi ninakata video za harusi ili nile, na kufundisha vijana kushika kamera ili nisizeeke haraka. Bandani kazi yangu ilikuwa kuwasha jenereta, kusafisha hedi ya deki kwa spiriti, na kuandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: SAA 10 KARATE, SAA 12 KIHINDI, SAA 2 WAKUBWA TU. Mtafsiri alikuwa kijana mwingine, mwembamba, aliyeishia darasa la saba. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Kikantoni hakukijua kabisa, na Kihindi alijua maneno ya nyimbo. Hakuna kilichomzuia.

Watu wa umri wako mkiambiwa filamu za kutafsiriwa mnamkumbuka Lufufu, yaani Derek Mukandala, ambaye sauti yake ilisambaa kwenye kanda hadi vijiji ambavyo havikuwa na umeme. Wakenya wana DJ Afro wao. Hao walirekodi, sauti yao ikachanganywa na ya filamu, kanda zikauzwa. Lakini kabla na kando yao kulikuwa na mamia kama wa kwetu, waliokaa kando ya runinga na maikrofoni mkononi na kusema papo kwa papo, na kesho wakasema tofauti. Hii ni sanaa, nami ningekuwa na uwezo ningempa yule kijana cheti. Alikuwa anafanya mambo matatu kwa wakati mmoja: anafasiri kile alichokielewa, anakisia kile asichokielewa, na pale pasipo na maneno kabisa anaweka ya kwake. Aliwapa maadui majina ya watu wakorofi wa mtaani. Jumba la jambazi alilihamishia Forest, kwa kuwa kwetu huko ndiko kwenye nyumba za mabosi. Jeshi likivuka mto, mto ni Songwe.

Usisahau pia kwamba Tanzania Bara ilipata vituo vya kwanza vya televisheni mwaka 1994. Wengi wetu tulikutana na video kabla ya kukutana na taarifa ya habari. Kioo kwetu kilikuwa kitu cha kukusanyikia, chenye msimulizi wake, kama bibi na moto wa jikoni. Ndiyo maana nakwambia ulichokipenda utotoni hakikuwa Commando peke yake. Kilikuwa Commando na sauti ile, na watu wale, na baridi ya Mafinga nje, na hofu ya kuchapwa ukirudi nyumbani. Mwanao amepewa Commando tupu. Usimlaumu.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalijui, na hili ni la kifundi. Hata picha yenyewe uliyoiona haikuwa hii. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa video uliotumika huku kwetu, PAL, ulikuwa wa picha 25. Filamu ikiingizwa kwenye kanda kwa njia ya kawaida inakimbia kidogo: ya dakika 120 inaisha kwa dakika 115, na sauti zinapanda kidogo kama mtu aliyekunywa maji baridi. Steringi wako wa utotoni alikuwa mwepesi zaidi kuliko huyu wa leo. Kweli kabisa.

Kisha upana. Filamu za karate za Hong Kong za miaka ya 1970 nyingi zilipigwa kwa kioo kipana sana, upana mara 2.35 ya kimo. Runinga zetu zilikuwa mara 1.33. Ili picha ijae kwenye runinga, walikata pembeni, na ukipiga hesabu utaona zaidi ya asilimia 40 ya picha ilitupwa. Unakumbuka yale mapambano ambapo mtu anarusha teke kwenda nje ya kioo, halafu unasikia "tih!", kisha kichwa cha mwingine kinaingia kikitokwa damu? Tulidhani ndiyo ufundi wa Wachina. Kumbe yule mwingine alikuwepo muda wote, amekatwa. Nilipoiona The 36th Chamber of Shaolin ya mwaka 1978 katika upana wake, nikiwa na miaka zaidi ya arobaini, nilikaa chini. Nilikuwa nimeikodisha ile kanda mara nyingi hadi imechakaa, na sikuwahi kuiona filamu hiyo.

Sasa tuje kwenye zipi zinabaki na zipi hazibaki. Mimi nina kipimo changu, na sikukisoma popote. Nakiita kipimo cha mvua.

Kuna kipindi nilikuwa nabeba deki, runinga na jenereta, ninapanda Land Rover hadi Tukuyu siku za gulio. Tukuyu unaijua au umeisikia: Rungwe inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na zote zilikuwa zinaanguka juu ya banda langu. Mvua ile ikianza kupiga mabati, husikii filamu, husikii mtafsiri, husikii hata jenereta. Mtafsiri alikuwa anajaribu kupiga kelele dakika mbili tatu, anakata tamaa, anatoka kwenda kula ndizi za kuchoma. Unabaki na kioo peke yake. Hapo ndipo nilipojifunza filamu. Kuna picha ambazo mvua ikianza, watu wanaanza kuongea, wanageuka migongo, wanadai warudishiwe hela. Na kuna picha ambazo mvua inapiga saa nzima na hakuna anayetikisika.

Hiyo ya Shaolin, hakuna aliyetikisika. Sehemu kubwa ya filamu ni mtu mmoja anajifunza. Anatakiwa kuvuka maji kwa kurukia magogo yanayoelea ili afike kwenye chakula, anaanguka, analowa, analala njaa, anarudi. Anabeba ndoo za maji mikono imenyooshwa, na visu vimefungwa kwenye mikono ili akiishusha ajichome. Nani anahitaji kutafsiriwa hapo? Watoto wa Tukuyu wiki nzima walikwenda mtoni na ndoo mikono imenyooka, na mama mmoja alinifuata gulioni kunidai ndoo iliyopasuka. Nikamlipa.

Sholay, ya mwaka 1975, nayo ilipita, tena kwa heshima. Wengi wanaikumbuka kwa Gabbar Singh na kicheko chake. Mimi ninayoirudia hadi leo ni sehemu ambayo mtu hasemi kitu: usiku, mjane kijana anapita barazani akizima taa moja moja, na ng'ambo ya uwanja Amitabh Bachchan amekaa anapiga kinanda cha mdomo. Wanatazamana, anazima taa ya mwisho. Mapenzi yote ya watu wawili hao yako hapo. Mtafsiri wetu, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, pale alikuwa ananyamaza. Halafu kuna ile sarafu. Filamu nzima Jai, yaani huyo Amitabh, anarusha sarafu kuamua mambo, na anapokufa rafiki yake anaiokota na kuigeuza: pande zote mbili zinafanana. Huhitaji sikio hata moja kuelewa kwamba alikuwa anajichagulia hatari kila mara. Nilimwona mzee mmoja wa Kinyakyusa, mlinzi, anaondoka bandani bila kuaga mtu siku hiyo.

Kwa taarifa yako, mwisho tuliouona, polisi wanafika na kumchukua Gabbar, haukuwa mwisho aliotaka mwongozaji. Alipiga mwingine ambamo Thakur, yule asiye na mikono, anamuua mwenyewe. Bodi ya ukaguzi ya India ikakataa. Kwa hiyo siyo watafsiri wa mabandani tu walioingiza mkono wao.

Na Commando yako? Inapita nusu. Risasi, mabomu, na mtu mmoja anamaliza jeshi la kisiwa kizima bila bunduki kuishiwa: hilo halihitaji masikio, na watoto hawataondoka. Lakini ukiondoa kelele, chini yake kuna baba anamtafuta binti yake, na hilo filamu inalikumbuka mwanzo na mwisho tu. Katikati ni kuhesabu maiti. Iliyojaza pengo hilo ilikuwa sauti ya mtafsiri wenu. Ndiyo maana imekuwa ya kawaida. Hujazeeka wewe, filamu imepungukiwa na mtu.

Nisije nikakudanganya kwamba kipimo changu ni msumeno usiokosea. Kilinikosesha Neria. Filamu ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 1990: mume anakufa ghafla, shemeji anakuja na jina la mila mdomoni na kuanza kubeba mali, mjane anabaki na watoto na swali. Mvua ikipiga, Neria haina kitu. Watu wamekaa, watu wanazungumza, mahakama. Nikaiweka chini kwenye rafu. Lakini laibrari ikanifundisha adabu. Kuna mama mmoja wa Mwanjelwa aliichukua, akairudisha, akaichukua tena, mara ya tatu akaja na mama wengine wawili wakaniomba wailipie wiki nzima. Sikuuliza. Nikaiangalia upya usiku, kimya, sauti imefunguliwa, nikamsikia Oliver Mtukudzi anaimba ule wimbo, na nikaelewa kwamba kuna filamu zilizotengenezwa ili zisikilizwe na mtu ambaye jambo lile limemfika. Shemeji Phineas wa filamu ile yupo Iringa, yupo Njombe, yupo Kyela. Hii bado naiangalia, na kila mara namwona mama yule na kanda chini ya khanga.

Sarafina!, ile ya nyimbo ya Afrika Kusini, ni nyepesi kuijibu: nyimbo zimebaki, hadithi imezeeka kidogo.

Ile iliyoniuma kuirudia ni The Gods Must Be Crazy, ya mwaka 1980. Ilikuwa inajaza banda kuliko kitu chochote. Chupa ya soda inaanguka kutoka kwenye ndege, inafika kwa Wasani wa Kalahari, wanaanza kuigombea, N!xau anaamua kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Tulicheka hadi benchi likavunjika. Kwa kipimo cha mvua inapita bila jasho, kwa sababu mwili wa N!xau unachekesha bila neno. Nimeirudia mwaka huu na sauti yake ya asili, na nikagundua kitu ambacho bandani hatukukisikia kwa kuwa mtafsiri wetu alikifunika: filamu ile ina msimulizi wake ndani. Mzungu mmoja, sauti tulivu kama ya filamu za wanyama, anatueleza watu hawa wanafikiri nini, wanaogopa nini, kwa nini hawana sheria wala mali. Anamtafsiri N!xau kama yule kijana wetu alivyomtafsiri Schwarzenegger, yaani anatunga. Tofauti ni kwamba kijana wetu kila mtu alijua anatunga, na yeye mwenyewe alijua, na ndiyo ilikuwa raha. Huyu anataka tuamini. Na filamu ilitengenezwa na mwongozaji wa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi, ikimwonyesha Mwafrika mwenye furaha jangwani asiyejua serikali ni nini. N!xau bado namcheka kwa upendo. Yule msimulizi namzima sauti.

Filamu zetu je? Najua utaniuliza Kanumba. Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, na siku hiyo Mwanjelwa nilimwona mpiga debe anafuta machozi na bango la nauli. Alikuwa na uso. Ukimweka karibu na kamera, unaona jambo linapita ndani yake kabla hajafungua mdomo, na hicho hakifundishwi. Lakini filamu nyingi alizocheza, yeye na wenzake, mvua ingezimaliza ndani ya dakika tano: sebule, makochi, mtu anaongea, mwingine anajibu, simu inalia, gari linaingia getini pole pole sana. Sikuwahi kuwacheka. Nyumba ni ya kuazima, kamera ya kukodi kwa siku, na hadithi ya saa moja na nusu inavutwa hadi iwe sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe kanda mbili. Lile geti linalofunguka taratibu ni hesabu ya biashara. Ukitaka kumfaidi Kanumba, tazama uso wake mwenzake anapoongea.

Halafu, kwa wanaosema sinema ya Kiswahili ilianza na hao, nawakumbusha kwamba Rashidi Kawawa alikuwa mwigizaji kabla hajawa Waziri Mkuu. Aliigiza katika Muhogo Mchungu miaka ya 1950. Nchi hii ilipata steringi kabla ya kupata uhuru.

Sasa hivi karibuni. Siku hizi naangalia filamu sehemu mbili: nyumbani usiku, na ndani ya basi. Basi ni mvua ya kisasa. Unatoka Mbeya alfajiri, kondakta anaweka flashi, runinga iko juu ya dereva, injini inaunguruma, mtoto analia, muuza karanga anapita. Mwezi uliopita walituwekea moja ya kivita, mpya, milipuko kila dakika mbili. Kuanzia Makambako hadi Iringa sikumbuki hata sura moja. Tulipoanza kushuka Kitonga, dereva akarudisha gia, abiria wote wakaacha kioo na kuangalia dirishani. Waongozaji wangepaswa kufikiria hilo: filamu yao imeshindwa na korongo ambalo abiria walikwishaliona mara mia.

Iliyonishika ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Niliiogopa, kwa sababu riwaya ile naipenda, na Zanzibar ya miaka ya 1950 ni gharama kuijenga. Wameijenga kwa mwanga. Yasmin anapita kwenye kichochoro, kuta zinamfuata, na unajua amebanwa kabla hujaambiwa ameozwa mzee. Kwa mvua ya Tukuyu, dakika ishirini za mwanzo wasingenidai hela. Malalamiko yangu ni kwamba Denge na wenzake wa harakati wanaongea kama vipeperushi vyao, na mapenzi yake na Yasmin yangehitaji pumzi zaidi. Kijana wangu mmoja darasani alisema inakwenda taratibu. Nikamwambia aihesabu upya baada ya kuizima simu.

Binti, ya Seko Shamte, pia ya 2021, nimeipenda kwa mambo madogo. Wanawake wanne wa Dar, maisha yao yanagusana, na kuna wakati kamera inabaki na mwanamke baada ya mlango kufungwa, pale ambapo zamani tungekata na kwenda kwenye geti. Si hadithi zote nne zina uzito sawa. Sikuumia sana kwa hilo.

Mbili za Kenya sasa, na hizi nakushauri uzitafute wewe hasa. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 inaanza na kijana wa kijijini, Mwas, anayeuza filamu kwa kuziigiza: anaruka, anapiga risasi kwa mdomo, anakufa, anafufuka, mteja ananunua. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimamisha nikaenda nje kuvuta hewa. Ni yule kijana wetu kabisa. Baadaye Mwas anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji na jiji linampokea kwa kumwibia siku ya kwanza, na filamu inakuwa ngumu, haimfai mtoto wa miaka 13. Inayomfaa ni Supa Modo, ya 2018. Msichana wa miaka tisa, Jo, anaumwa ugonjwa usiopona, anapenda filamu za mashujaa na karate, na dada yake anakipanga kijiji kizima kimfanye aamini ana nguvu za ajabu. Kisha wanaamua kumtengenezea filamu, yeye ndiye steringi. Banda la video la kijiji limo humo, na mwenye banda. Lia ukitaka, mimi nililia na sijali.

Kuna moja ambayo naingoja. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, askari wa Mkwawa wamejificha kwenye majani na miamba, safu ya Wajerumani inapita. Hapo hakuna anayesema neno, ni pumzi tu. Sijui kwa nini kijana wa Iringa mwenye kamera hajaanza na dakika hizo kumi. Wangu nawasumbua kila muhula.

Kuhusu mwanao, ushauri wangu ni mfupi. Usimwonyeshe Commando tena ukiwa umekaa kimya unamwangalia kama atapenda. Hilo linamwua mtu yeyote. Alika watoto wa jirani, watano sita, wabanane. Punguza sauti hadi chini. Kisha chukua nafasi yako kando ya runinga na utafsiri wewe, uweke Mafinga humo: Sao Hill, stendi, mwalimu wao mkali, chochote. Utakosea, watakucheka, endelea. Ukifika korongoni unajua cha kusema.

Ila usije kuisema ile sentensi mbele ya mtu wa Mbeya. Atakubishia, kama nilivyotaka kukubishia mimi nilipoisoma barua yako. Bandani kwangu, yule kijana mwembamba alimning'iniza Sully juu ya kona 57 za kule Matamba, na aliposhuka aliambiwa awasalimie Chimala.